Vumbi Lililopitia Darini: Uchambuzi wa Kisa cha Karakana ya Nyumbani, Dar es Salaam

Mandharinyuma

Mhusika wa kisa hiki ni mwalimu mstaafu anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Tutamwita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita. Alipostaafu aliuza gari, na banda la gari lililoungana na nyumba akaligeuza karakana ya useremala. Anatengeneza vitanda na meza za mninga kwa oda, na siku hizi zaidi kabati za jikoni za MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), maana ndizo wateja wanazozitaka. Ana kijana mmoja wa kumsaidia. Ndani ya nyumba yumo mkewe pamoja na wajukuu wawili, na mdogo wao ana pumu iliyothibitishwa hospitali. Majina, mtaa na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Vipimo vya jengo nimeviacha kwa sababu bila hivyo kisa hakisomeki.

Banda lina urefu wa mita 6, upana wa mita 3.5, na kuta zake zina kimo cha mita 2.7. Geti la chuma liko upande wa mashariki. Ukuta wa kusini una dirisha moja la nyavu. Ukuta wa kaskazini unatazamana na uzio wa jirani, na kati yake na uzio kuna nafasi ndogo ya kupita mtu. Upande wa magharibi, nyuma ya banda, kuna kiwanja ambacho hakijajengwa. Sehemu ya nyuma ya ukuta wa kusini imeungana na nyumba, na hapo mlango wa mbao unatoka bandani kuingia korido ya jikoni. Banda halina dari: ukiinua macho unaona kenchi na bati. Nyumba yenyewe ina dari ya jipsamu, na paa ni moja kwa nyumba na banda.

Mashine zilizokuwepo ni msumeno wa meza, randa ya umeme, ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji), na mashine ya msasa ya duara. Feni ya kusimama iliwekwa getini, ikipuliza ndani ili mafundi wapate ubaridi.

Mambo yalivyoanza

Mke wa Mwalimu ndiye aliyelalamika kwanza. Vyombo vilivyooshwa usiku asubuhi vilikuwa na unga. Juu ya friji kidole kilichora mstari. Kisha mjukuu akaanza kukohoa usiku mara nyingi kuliko zamani, na pampu yake ya pumu ikawa inaisha mapema. Kijana wa kazi naye alikuwa na yake: siku za mninga pua iliziba na macho yaliwasha, lakini alidhani ndiyo kawaida ya useremala na hakusema mpaka alipoulizwa.

Mwalimu alichukua hatua ambayo mtu yeyote mwenye busara angechukua. Alinunua mashine ya mtumba ya kukusanya maranda: mota, pangaboi la chuma, bomba la sentimita 10, na mfuko mkubwa wa kitambaa unaotuna mashine inapowashwa. Akaiweka kwenye kona ya banda. Sakafu ikapendeza. Maranda ya randa yaliyokuwa yakifika vifundoni yakaisha, na wageni wakasifu. Lakini kikohozi cha mtoto hakikupungua, na mkewe akasema unga wa jikoni sasa umekuwa laini zaidi, kama poda.

Huo ulaini ndio uliopaswa kuwashtua. Vumbi la mbao si kitu kimoja. Chembe ya mikroni 100 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambayo jicho linaiona, ikiachwa kwenye urefu wa mita 2 katika hewa iliyotulia hufika chini kwa sekunde chache. Ya mikroni 10 huchukua kama dakika kumi. Ya mikroni 1 huelea zaidi ya nusu siku. Ile kubwa hunaswa puani na kooni. Ile ndogo, hasa chini ya mikroni 4, ndiyo inayoshuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Mfuko wa kitambaa wa kawaida umeshonwa kushika maranda. Vumbi dogo hupenya nyuzi zake na kurudi chumbani likiwa limechujwa vizuri, yaani limebaki lile baya tupu. Mashine ilikuwa ikiokota kilichokwisha anguka chini chenyewe, na kurusha hewani kile ambacho kingehitaji kukamatwa.

Tuliyoyakuta

Sisi tuliokwenda kuchunguza hatukuwa na kipima vumbi cha kielektroniki. Tulitumia tochi. Usiku, taa zote zimezimwa, geti limefungwa, tochi yenye mwanga mkali ililazwa juu ya benchi ikimulika ukutani. Karakana ilikuwa haijafanya kazi tangu mchana, na mwale wa tochi ulikuwa na chembe chache tu. Kijana akawasha mashine ya mfuko bila kukata wala kuranda chochote. Mfuko ulipotuna, ukungu mwembamba ulitoka kwenye kitambaa chake na kuingia ndani ya mwale, ukajikunja, ukapanda kuelekea kenchi. Mwalimu aliusogeza mkono wake ndani ya mwanga na kuutoa mara kadhaa bila kusema neno. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimekuwa nikiwapepea."

Jambo la pili lilikuwa mashine ya msasa. Ina matundu kwenye sahani yake ili vumbi livutwe kupitia humo, na ilikuwa imeunganishwa na mashine ya mfuko kwa mpira mwembamba. Makosa mawili yalikuwa hapo. Msasa uliokuwa umebandikwa ulikatwa kwa mkasi kutoka kwenye roli la bei nafuu, hauna tundu hata moja, kwa hiyo njia ya vumbi ilikuwa imezibwa na msasa wenyewe. Na mashine ya mfuko hupitisha hewa nyingi kwa nguvu ndogo ya kuvuta. Ukiibana kutoka bomba la sentimita 10 kwenda mpira wa sentimita 5, eneo la kupitia hubaki robo, na hewa inayopita hushuka sana. Mpira huo haukuvuta hata karatasi.

La tatu ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. Tulimwomba Mwalimu ngazi, tukafungua kifuniko cha dari kwenye korido ya nyumba. Kule juu, ukuta unaotenganisha banda na nyumba ulikuwa umeishia kwenye usawa wa kenchi. Kutoka hapo mpaka bati kulikuwa wazi kabisa. Juu ya jipsamu za korido, na juu ya chumba cha wajukuu, kulikuwa na tabaka la unga wa kahawia, laini, umelala kwa mawimbi madogo kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Kuzunguka tundu la waya wa taa ya chumba cha mtoto unga ulikuwa umefutika kwa duara, kwa kuwa hewa ilikuwa ikishuka humo. Mlango wa jikoni, ambao wote waliulaumu na ambao mke wa Mwalimu aliuzibia kanga chini, ulikuwa njia ndogo. Njia kubwa ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Feni ya getini ilikamilisha kazi. Kwa kupuliza ndani, iliisukuma hewa ya banda iende popote penye upenyo, na upenyo mkubwa ulikuwa darini.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya kununua chochote tulipiga hesabu moja kwenye ubao wa chaki, na Mwalimu aliipenda kwa kuwa alifundisha hisabati. Umoja wa Ulaya tangu 2023 umeweka kikomo cha miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo wa hewa, wastani wa saa nane za kazi. Banda lake hadi juu ya kuta lina kama mita 57 za ujazo. Zidisha: miligramu 114. Hiyo ni sehemu moja ya tisa hivi ya gramu, ikielea banda zima. Msasa wa dakika chache juu ya ubao mmoja hutoa unga mwingi kuliko huo. Nikamweleza pia kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya ndani ya pua na ya mashimo yanayoungana nayo, na kwamba mninga na mvule vinajulikana kwa kuamsha pumu na kuwasha ngozi. Hapo hoja ya "tumezoea" iliondoka mezani.

Uamuzi wa kwanza haukugharimu kitu: feni iligeuzwa. Badala ya kupuliza ndani ikawekwa dirishani ikitoa hewa nje, na geti likaachwa wazi kiasi kuingiza hewa mpya. Banda likianza kuvutwa hewa, hewa ya nyumbani huja bandani na si kinyume chake. Siku hiyohiyo kazi ya msasa ikahamishiwa asubuhi. Zamani walipiga msasa jioni baada ya jua kupungua makali, kisha mtoto akalala saa mbili usiku huku chembe ndogo zikiwa bado safarini.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuziba ukuta wa darini. Fundi mwashi alipandisha tofali mpaka bati, akapiga plasta upande wa banda, na mianya ya kwenye migongo ya bati ikazibwa kwa povu. Unga uliokuwa juu ya jipsamu ulifyonzwa, haukufagiwa. Tundu za waya za taa zilizibwa kwa silikoni. Kati ya fedha zote zilizotumika, naamini hizi ndizo zilizozaa zaidi.

Tatu, mashine ya mfuko ilitolewa nje ya banda. Hapa nina msimamo. Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu karakana za nyumbani umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hewa waliyoipasha moto hawawezi kuitupa. Wao hulazimika kuisafisha na kuirudisha ndani, kwa vichujio vya bei kubwa. Sisi wa Pwani hatuna gharama hiyo. Hewa ya nje ni ya joto lilelile, basi itoke. Hesabu yake inapendeza: hewa ya chumba ikichanganyika vizuri na ikabadilishwa kwa kiasi sawa na ujazo wa chumba, vumbi linalobaki ni kama asilimia 37; ikibadilishwa mara tatu, hubaki kama asilimia 5. Mwalimu aliamua kuacha feni ikizunguka muda baada ya kazi kwisha, badala ya kuizima pamoja na mashine.

Nne, kukamata vumbi linapozaliwa. Mashine ya msasa ilipewa kifyonza vumbi chake, kidogo lakini chenye nguvu ya kuvuta na kichujio cha hepa, yaani kinachonasa hata chembe ndogo sana. Kati yake na mashine iliwekwa ndoo ya lita 20 yenye koni inayozungusha hewa, ili unga mzito udondoke humo na kichujio kisizibe mapema. Koni hiyo hainasi chembe ndogo, kazi hiyo ni ya hepa; inachofanya ni kuilinda. Msasa wa roli waliendelea nao, ila kijana alinoa kipande cha bomba la chuma na kuutoboa kwa kufuata matundu ya sahani, tabaka kadhaa kwa mpigo. Msumeno wa meza ulizibwa chini kwa plaiwudi, ukaachiwa tundu moja la bomba kubwa la mashine ya mfuko.

Barakoa ilikuja mwisho. Walikuwa wakitumia zile za hospitali, ambazo pembeni ziko wazi. Kijana alipewa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio vya kubadilisha. Mwalimu ana ndevu, na barakoa ya kubana haizibi juu ya ndevu. Hakutaka kunyoa, basi walikubaliana kwamba msasa na MDF ni kazi ya kijana aliyevaa, na Mwalimu yuko nje ya banda wakati huo. Sikupenda mpangilio huo, kwa sababu unamwachia aliye mdogo kazi chafu. Lakini ulikubaliwa kwa sharti kwamba MDF yote ikatwe uani, chini ya turubai, kwa kuwa unga wake ni laini kuliko wa mbao na umebeba gundi yenye fomaldehaidi, kemikali inayowasha macho na njia ya hewa.

Kilichofuata

Haya yote yalifanyika wakati wa kaskazi. Kwa wiki kadhaa jaribio la tochi lilionyesha mwale safi muda mfupi baada ya kazi, jikoni pakatulia, na macho ya kijana yakaacha kuwasha.

Kusi ilipoanza kuvuma, mambo mawili yaliharibika kwa pamoja. Feni ya dirisha la kusini sasa ilikuwa inapuliza kinyume na upepo. Feni za aina hiyo hazina ubavu wa kushindana. Mapanga yalizunguka lakini hewa haikutoka, na siku za upepo mkali ilirudi ndani. Papo hapo mashine ya mfuko, iliyowekwa kwenye ile nafasi kati ya banda na uzio wa kaskazini, ikaanza kupeleka vumbi lake kwa jirani. Jirani alifika na shuka mkononi. "Mwalimu, nisamehe, lakini nguo zangu nikizianua zina unga. Na mie nina mtoto mchanga." Mwalimu alizima mashine siku hiyo na kazi ikasimama.

Jibu lilikuwa kwenye upepo wenyewe. Pepo kuu mbili za Pwani yetu zote hutoka upande wa mashariki: kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo ukuta wa magharibi ndio unaokaa mgongoni mwa upepo karibu mwaka mzima. Tundu la feni lilibomolewa huko, dirisha la kusini likafungwa kwa ubao wakati wa kazi, na geti la mashariki likawa ndilo mlango wa hewa. Upepo uliokuwa adui sasa ukaisaidia feni. Mashine ya mfuko nayo ilihamia nyuma, upande wa kiwanja kitupu, ndani ya kibanda cha bati chenye nafasi ya kutolea hewa juu, na mfuko ukabadilishwa kwa wa kitambaa kizito kama blanketi. Mke wa Mwalimu alikwenda kwa jirani kumwomba radhi, na yule mama akakubaliana naye kwamba akiona unga tena atume mtoto aje kugonga geti.

Uchambuzi

Kikohozi cha usiku cha mjukuu kilipungua, na familia inasema ni kwa sababu ya kuziba dari. Inawezekana sana. Lakini wiki hizohizo daktari alimbadilishia dawa na kumfundisha bibi yake namna bora ya kumshikia pampu, kwa hiyo si haki kuipa karakana sifa yote. Macho na pua za kijana ni ushahidi safi zaidi, maana kwake hakuna dawa iliyobadilishwa, na dalili zilirudi kwa siku zilezile ambazo feni ilishindwa na upepo.

Kilichofaa kuliko vyote ni kutafuta njia ya vumbi kabla ya kununua dawa yake. Ununuzi wa kwanza ulifanywa kwa kutazama sakafu, na sakafu ni shahidi mbaya: inaonyesha chembe ambazo zimekwisha acha kuwa hatari kwa mapafu. Tochi ya usiku inaonyesha zinazoelea, na haihitaji fedha. Nyumba nyingi zenye banda la gari lililoungana zina ukuta ulioishia kwenye kenchi vilevile, kwa kuwa mafundi huokoa tofali pasipoonekana. Anayefanya useremala, kupaka rangi kwa kupuliza, au hata kuhifadhi petroli kwenye banda kama hilo apande ngazi atazame mwenyewe.

Kilichoshindwa ni mpango uliopangwa kwa msimu mmoja. Dirisha la kusini lilichaguliwa kwa sababu lilikuwepo tayari, na akiba ya kutobomoa tundu jipya ililipwa mara mbili. Jirani naye aliingizwa kwenye kisa baada ya nguo zake kuchafuka, wakati alipaswa kuulizwa tangu siku ya kutoa mashine nje. Kutoa hewa nje ni njia sahihi hapa kwetu, lakini viwanja vimebanana, na nje ya mmoja ni ndani ya mwingine.

Kuna sehemu ambazo bado ni dhaifu. Ruta haina bomba lolote, na unga wake bado unaruka usoni. Kijana huvua barakoa joto likizidi, jambo ambalo halitatatuliwa kwa kumkemea. Anahitaji vipindi vifupi na maji. Wakati mchafu kuliko wote sasa ni kumwaga ndoo na mfuko. Walikuwa wakiukung'uta uani; siku hizi mfuko huloweshwa kidogo kwa nje, hufunguliwa ndani ya gunia, na mwenye kazi hiyo huvaa barakoa na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Kompresa ya kujipulizia nguo imepigwa marufuku. Kusaga chuma kwa grinda nako kumehamishwa mbali na kibanda cha maranda, maana cheche moja kwenye unga mkavu ndani ya mfuko inatosha kuwasha moto.

Mwenye kiwanja cha magharibi ameshusha tofali. Akianza kujenga, ukuta ule hautakuwa tena na mahali pa kutolea hewa bila kumsumbua mtu. Mwalimu ameanza kuweka fedha za kubadilisha mfuko kwa kichujio cha mikunjo kinachonasa chembe ndogo, na safari hii amekwenda kuzungumza na mwenye kiwanja kabla msingi haujachimbwa, ili wakubaliane madirisha yake yatakaa upande gani.